Kuogelea kwenye msitu wa kelpu Simon's Town: kiongozi nyota tano, suti nyota mbili

Haya wapendwa, tangu niweke status zile video zangu naogelea kwenye kelpu, ule mwani mkubwa wa bahari ya baridi, nimeulizwa na watu wasiopungua kumi kwamba wapi pale, shilingi ngapi, na maji je si baridi, basi naandika hapa mara moja nimalize maana kumjibu mmoja mmoja siwezi na bando lenyewe la kuungaunga. Pale ni Simon's Town, Afrika Kusini, kutoka Cape Town mjini ni kama saa nzima ya gari ukifata pwani. Na yule aliyesema "hiyo umeedit, hakuna mwani mrefu kama mnazi" namjibu kwa heshima zote: upo, nimeushika kwa mikono yangu hii.

Kwanza niseme mie nani ili mjue napima kwa pishi gani. Mie mtoto wa Jambiani, Zanzibar. Mama yangu anafunga mwani tangu mie sijazaliwa, nimekua naamshwa kila bamvua maji yakitoka nende naye pwani kuvuta kamba, taitai (vile vikamba vya kufungia mwani) mdomoni, tukirudi viroba vinachuruza maji ya chumvi mpaka mgongoni. Kwa hiyo mtu akinambia twende ukaone mwani mie nacheka tu, nimeuona sana, nimeuanika, nimeukalia, na kuna miaka niliuchukia kabisa. Binamu yangu anayeishi Cape Town ndo kanilipia hii safari kama zawadi, randi 1,200 kwa kichwa, ukipiga kwa hela yetu ni laki na nusu na kitu, na nilipoijua bei nilimwambia wazi, hizo ungenipa mkononi.

Kampuni siitaji jina. Zipo kadhaa pale zinafanya kazi ileile, mnachohitaji kujua ni mtakutana na nini na mdai nini kabla hamjalipa.

Kero zangu nizimalize mapema. Tuliambiwa tufike saa tatu asubuhi, usiku wakabadilisha ikawa saa mbili, na taarifa yenyewe wakaituma kwa imeili ya binamu ambayo haifungui mpaka mwisho wa mwezi, tumefika wenzetu wameshavaa wanatutazama kama sisi ndo wakosa. Suti ya kuzamia niliyopewa ilikuwa na mpasuko chini ya kwapa, mdogo tu ukiutazama nchi kavu, lakini ndani ya maji kila wimbi likipita ni kama mtu anakumiminia kikombe cha barafu ubavuni. Glavu hawana, ukitaka uje na zako, na hilo kwenye tangazo lao halipo. Pa kubadilishia nguo ni nyuma ya gari na taulo, basi. Mie nikasema hapana, nikatembea mpaka vyoo vya pale pwani nikavalia huko, dada mmoja Mjerumani akanishikia mlango. Na picha walizosema tutapata "jioni ileile" zimekuja siku ya tisa, nusu yake ni miguu ya watu.

Hapo hapo niwape na zuri moja kwa dada zangu, maana nimeulizwa inbox: stara ipo. Suti inafunika kuanzia kifundo cha mguu mpaka shingoni, kofia yake inafunika nywele zote zinabaki macho na pua, juu nikatia fulana yangu ndefu na hakuna aliyenitazama mara mbili. Kuivaa lakini ni vita. Ile mpira nene ya milimita tano inakubana unahisi umerudi tumboni kwa mama yako, tia losheni kidogo kwenye vifundo uvute taratibu, ukiivuta kwa hasira unaipasua na watakudai.

Sasa kiongozi wetu. Huyu ndo sababu ya nyota tano na ningekuwa na ya sita ningempa. Kijana wa hukohuko, aliposikia jina langu akanitolea salamu, kumbe ni Muislamu, bibi yake alizaliwa Simon's Town karibu na ule msikiti mkongwe wa pale mjini. Mwaka 1967 serikali ya makaburu ikatangaza mji ule ni wa weupe peke yao, watu maelfu wakahamishwa, wengi wakapelekwa sehemu ng'ambo ya mlima inaitwa Ocean View, na bahari yenyewe hata kuiona tabu. Alinielezea hivyo tukiwa tunashuka kwenye mawe na mapezi mikononi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akasema "haya sister, tema mate kwenye maski yako isije ikaweka ukungu." Nikasema huyu tutaelewana.

Tuliingilia Windmill Beach, kighuba kidogo chenye majabali makubwa ya mviringo, jirani na Boulders kule wanakokaa pengwini. Ukiwa juu unaona bahari ina madoa ya kahawia, na hicho cha kahawia kinanyanyuka na kulala na mawimbi, ungedhani mikeka imeachwa. Harufu sasa, ufukweni kelpu iliyokufa imerundikana inaoza na nzi wake, nikamwambia binamu hii harufu naijua mie, hii ni Jambiani mvua ikinyeshea mwani kwenye chaga. Yule kiongozi akaokota shina moja kavu, refu kama mkono na liko wazi ndani, akalipuliza likalia vuuuu kama mbiu ya mgambo, watoto wa pale ndo mchezo wao.

Maji yalikuwa digrii 14. Sisi tuliozoea ya kwetu, ambayo mchana wa kaskazi ukiingia ni kama umetiwa kwenye sufuria ya chai iliyopoa, digrii 14 si maji, ni adhabu. Dakika mbili za mwanzo pumzi haishuki, kifua kinagoma, unameza chumvi, na mie nilishageuka nirudi, wallahi. Yule kaka akanishika mkono akasema usipige miguu, lala tu kifudifudi uso majini, pumua polepole, hesabu mpaka ishirini. Nikahesabu. Kwenye kumi na tatu hivi nikasahau kuhesabu.

Chini yangu kulikuwa na msitu. Sitii chumvi, ni msitu kweli, mashina yametoka chini kwenye mwamba yamenyooka mpaka juu ya maji, mengine mita tano, mengine zaidi, na kule juu kila shina lina kama kibuyu kilichojaa hewa ndo kinachoibeba, na kwenye kibuyu majani yametawanyika kama makuti, jua linapita katikati linashuka miale miale mpaka chini. Wenyewe wanaiita mianzi ya bahari, na jina limeipata sawasawa. Kuna na aina nyingine, fupi zaidi, majani yake yamechanika kama feni, hiyo inakaa chini kwenye kivuli cha hiyo ndefu. Mizizi kelpu haina. Nilidhani ile iliyong'ang'ania jiwe ni mizizi, kiongozi akanikatalia, ile ni ya kushikia tu, hainyonyi chochote, chakula chote inakipata kwa majani yake kutoka kwenye maji na jua. Na kumbe si mmea, ni mwani wa kahawia, yaani ndugu wa mbali sana wa ule wa mama, maana wetu wa kamba za Zanzibar ni mwani mwekundu.

Swali nililomuuliza mapema kabisa: mbona kwetu hakuna? Jibu ni lilelile baridi lililokuwa linaniua. Upande ule wa Atlantiki upepo wa kusini mashariki, ambao sisi tungeuita kusi tukamalizana, ukivuma unasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi, basi ya chini yanapanda kuchukua nafasi, na ya chini ni baridi na yamebeba mbolea tele. Kelpu inataka hivyo vitu viwili, baridi na mbolea, na mwamba wa kushikia. Kwetu maji ya moto na mbolea haba, tunapata matumbawe badala yake. Ule msitu unaanzia mashariki ya Cape Agulhas unazunguka ncha ya nchi unapanda mpaka Namibia, zaidi ya kilomita 1,000, na wakati sehemu nyingine za dunia kelpu inakufa, ya pale ipo na hata imesogea mashariki kidogo mpaka hifadhi ya De Hoop. Nikamkumbuka mama na kotonii yake, aina iliyokuwa na bei nzuri, bahari ilivyozidi joto ikawa inaota ugonjwa inakatika kwenye kamba, wamebaki na spinosi ya bei ya kutupa. Yaani bahari ni moja, huku inapoa huku inachemka.

Turudi majini. Mawimbi yakipita msitu wote unaegemea upande mmoja na nyie pamoja nao, kisha mnarudi. Tumbo linaweza kuchafuka. Dawa yake aliyonifunza: shika shina. Unalishika kama bomba la daladala, mwili unatulia, na shina halikatiki, nimelining'inia na uzito wangu huu na mkanda wa vyuma vizito vya kuzamia kiunoni halijashtuka. Na ukitaka kupita katikati usipige mapezi, tenganisha majani kwa mikono kama unapita kwenye kanga zilizoanikwa. Wenzetu wawili walikuwa wanapiga miguu kwa fujo, wamevuruga mchanga, wameona moshi tu.

Ukishatulia ndo unaanza kuona vitu. Shina ulilolishika lenyewe ni mtaa, kuna vikonokono bapa vimejichongea makao palepale vinakula kelpu na ndo nyumba yao, kuna magugu mekundu yameota juu yake, samaki wadogo wenye rangi ya kelpu hasa mpaka wakitikisika ndo unajua. Chini kwenye mwamba viti vya pweza, zile nyota za baharini, vya machungwa na zambarau, na wale wa miiba, uchini, wamejaa kama embe zilizoanguka, kila mmoja kajibandika vigae na vikonokono kichwani kama kavaa kofia.

Hao uchini wana kisa chao nacho ndo kilichonikaa. Kwetu uchini wakizidi ni alama mbaya, samaki kikande anayewala keshavuliwa, wanabaki wanatafuna miamba mpaka matumbawe yanadhoofu. Na huko kaskazini mwa California ndo balaa kabisa, kuanzia 2013 viti vya pweza wakubwa waliokuwa wanawala uchini wakafa kwa ugonjwa, ikafata miaka ya bahari kuwa na joto kali 2014 mpaka 2016, uchini wakachachamaa, na kelpu zaidi ya asilimia 90 ikaondoka kwenye pwani ile, chini pamebaki uwanja wa miiba. Kwa hiyo mie nikajifanya najua, nikamwambia kiongozi hawa wangepunguzwa. Akacheka kwenye snokeli, tulipotoka akanieleza. Pale uchini wengi wanakula kelpu iliyokatika inayopita na maji, na chini ya miiba yao ndo wanapojificha watoto wa perlemoen, yule konokono mkubwa wa baharini anayeuzwa Asia kwa bei ya dhahabu. Ng'ambo ya False Bay, ghuba kubwa ambayo Simon's Town iko ukingoni mwake, mashariki ya Cape Hangklip, kuanzia miaka ya 1990 kambakoche walihamia kwa wingi, wakawala uchini, watoto wa perlemoen wakakosa pa kujificha, na wakubwa wao wakawa wanamalizwa na majangili wanaozamia usiku. Sasa ona: yule adui wa kwetu na wa California, pale ni yaya. Nilikaa kimya njia nzima.

Papa, najua mnangoja papa. Nimewaona watatu na hakuna hata mmoja aliyezidi urefu wa mkono wangu. Mmoja ana mistari myeusi mgongoni kama pajama, na jina lake kweli ni papa pajama, kalala chini ya jabali hana habari na mtu, hawa hulala mchana huwinda usiku na duniani hawapatikani kwingine ila pwani ya Afrika Kusini. Mwingine ana mabaka ya machungwa, huyu akishtuka anajikunja duara anajifunika macho kwa mkia. Nahadithia na bado nacheka. Papa! Anajifunika macho kwa mkia kama mtoto aliyevunja kikombe. Kiongozi alikataza kabisa tusimguse wala kumshika kwa ajili ya picha, maana yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na kuna mtu kwenye kundi letu alinyoosha mkono akapigwa kofi la mkono pale pale chini ya maji, hilo nalo nimempa maksi.

Wale papa weupe wakubwa wa kwenye tivii nilimuuliza kabla sijaingia, si mjinga mie. Akasema zamani False Bay ilikuwa ndo kwao, watu walikuja duniani kote kuwaona wanaruka wakiwinda sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, lakini hawaonekani tena kama zamani. Nyangumi wauaji wawili madume, mapezi yao ya mgongoni yamelala mmoja kulia mmoja kushoto, watu wanawaita Port na Starboard, wanaua papa wanakula ini tu wanaacha mzoga, 2017 mizoga ya papa weupe ilitupwa ufukweni Gansbaai, mji mwingine wa pwani ile, ini halipo. Ndo hivyo, hata papa mweupe ana wa kumkimbia.

Pweza alikuwepo. Kwenye tundu, kajivutia magamba mlangoni, jicho moja nje. Mie nimelelewa kuwa pweza ukimuona unachoma, nyanya zangu wote wanatembea mwambani na kijiti chao maji yakitoka, na nakwambia mkono uliniwasha. Tulitazamana naye dakika nzima, rangi ikampanda ikamshuka, kisha akarudi ndani akavuta gamba akafunga. Binamu alinitania huyo kakutambua, kajua huyu mtu wa Jambiani huyu.

Sili alipita mara moja, haraka, kama mshale, nimeona tumbo tu. Pengwini tuliwaona wakati wa kutoka, watano wanatembea mwambani kama masheha wanakwenda kikaoni, ila hao wenyewe wanawinda dagaa nje huko na si ndani ya kelpu, na hali yao si nzuri, mwaka 2024 wameshushwa daraja wakawekwa kwenye walio hatarini zaidi ya wote. Msiwakimbilie na simu. Wanang'ata.

Dakika hamsini tulikaa majini, suti nzuri ungekaa saa na nusu. Nilitoka midomo ya buluu, kiongozi akatutolea chupa la chai ya tangawizi na vipande vya keki za bibi yake, hiyo nayo haikuwa kwenye tangazo na ingefaa wangeitangaza.

Sasa nani aende? Kama hujui kuogelea kabisa usiende, watakwambia suti inaelea na ni kweli inaelea, lakini kelpu ikikugusa shingoni ukashtuka hakuna atakayekuokoa na kiwewe chako. Nenda Two Oceans Aquarium, iko Waterfront palepale Cape Town mjini, ina tanki la kelpu hai kubwa, juu liko wazi jua linaingia, kuna mtambo unasukuma maji kelpu inayumba kama baharini. Mie nilikwenda kesho yake na watoto wa binamu, tukakaa mbele ya kioo mpaka tukafukuzwa na njaa. Samaki utawaona vizuri zaidi kuliko kule, niseme ukweli. Ila hujashika shina, na hujasukumwa.

Wakati: upande ule wa Simon's Town nendeni kwenye kipupwe chao, Mei mpaka Agosti, upepo unatoka nchi kavu maji yanatulia na yanang'aa. Kiangazi chao ule upepo wa kusini mashariki unaingia ndani ya ghuba unachafua, wakikwambia Januari "hakuna shida" muulize upepo unatoka wapi, akibabaika tafuta mwingine. Dai kundi lisizidi watu sita. Dai uione suti kabla hujalipa, inyanyue juani uitazame makwapa na magoti. Glavu nunua zako. Kula kidogo saa mbili kabla, si maandazi manne kama binamu, yeye samaki wa pale wanamkumbuka kwa jingine.

Jioni nikampigia mama video nikamuonesha. Akatazama kimya, akasogeza simu karibu na miwani, akauliza hilo jani moja likikauka linabaki kilo ngapi. Nikamwambia mama hii haifungwi, inaota yenyewe. Akasema yenyewe, bila kamba? Bila kamba. Na wananunua? Nikamwambia ndiyo, mashamba ya perlemoen yanailisha, na wengine wanatengeneza mbolea ya maji. Akaguna, akanambia rudi na mbegu.

Kiongozi nyota tano, bahari nyota tano, suti mbili, imeili zao moja na hiyo moja ni ya huruma. Nimewaandikia kuhusu ule mpasuko na zile picha za miguu, wamejibu "asante kwa maoni yako". Septemba binamu anataka turudi, nimemwambia narudi nikipewa yule yule kaka na suti nijinunulie mwenyewe, kuna duka mitumba Muizenberg nimeshaionea moja, randi 600, makwapa mazima.